Landrova ya Mbono

Asubuhi moja ya Juni mume wangu Ignasi aliingia kwenye Landrova yake, ambayo jana yake aliijaza mafuta ya mbegu za mbono tuliyokamua wenyewe. "Mama, ikiwaka, hawa wote watanunua mafuta kwetu," aliniambia.

Hawa walikuwa wapenda magari wenzake wa mtaa wetu wa Katandala, waliojaa uani. Shamba letu la ulezi tulikuwa tumelipanda mbono lote, na mnunuzi aliyeahidi kuchukua mbegu hakurudi. Chakula cha mwaka ule kilikuwa mle tangini.

"Babu, mbono si dawa ya kuharisha?" alisema kijana aliyeleta Toyota kutoka Japani. "Siku hizi injini zina kompyuta, wewe yako unainywesha mbegu za miti ya uzio."

"Cheka tu. Mafuta yenu yanatoka Uarabuni. Yangu yanatoka pale nyuma ya choo."

Akawasha. Injini ikaguna, ikanyamaza. Alirudia mpaka betri ikachoka.

Kijana aliacha kucheka. Alifungua filta, akachovya kidole. Mafuta yalikuwa yameganda kwa baridi, yakaning'inia kidoleni kama uji uliolala. Aligeuka upande, akakipangusa kwenye suruali yake nzuri ili Ignasi asione.

"Ni baridi tu, babu," alisema. "Tungoje jua, kisha tutaisukuma."

Niliwaletea chai. Tuliketi wote kando ya ukuta, na hata wenye kazi zao mjini hawakuondoka.

Jua likatoka, likapanda, tukavua makoti. Hakuna aliyeinuka kwenda kujaribu, hata Ignasi; kabla ya kujaribu, bado ingeweza kuwaka.