Nyumba ya Mchora Mabomba

Siku hizi sheria inamtaka kila anayechora mabomba ya majitaka ya mtaa mpya aishi na familia yake katika nyumba iliyo chini kabisa ya mtaa huo. Salha aliikubali bila kinyongo, maana kazi yake aliiamini. Hakuambiwa kwamba mwenye mradi angeinua jengo la pili kule juu na kuliunganisha kwenye bomba lilelile.

Alipogundua, Salha akapanda hadi kwake kwa hasira.

"Bomba lile nililipimia jengo moja, bwana! Uliniuliza lini?"

Mwenye mradi akamkaribisha chai. "Tulia, dada yangu. Wapangaji wangu hawana wasiwasi hata chembe. Wakiuliza, nawaambia aliyelichora analala pale chini na wanawe."

"Kwa hiyo wanangu ndio cheti chako?"

"Sheria ndiyo inayosema hivyo, si mimi."

Aliporudi alimkuta mumewe, Mbwana, akiinua kitanda cha watoto juu ya matofali. Akataka kumfokea: mkewe ndiye aliyechora mtaa mzima, matofali ya nini? Mara tundu la bafuni likaguna, likacheua povu lenye harufu ya sabuni ya watu wa juu.

Salha akavua viatu, akashika upande wa pili wa kitanda.