Fundo la Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona Namkunda alipofika mjini ni ukamba wa mgomba uliofungwa kwenye papai, mbele ya kibanda cha juisi. Fundo lake lilipinda kushoto. Kwao kila papai huvikwa jani kavu la mgomba lisichubuke njiani, na mfungaji ni yeye, mtu wa mashoto.

Tangu utotoni alijiuliza mapapai yao huliwa na nani. Akasogea.

"Shikamoo, mama. Haya yametoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huko mlimani. Kibwana ndiye huniletea. Siku yakikosekana, wateja wananinunia kama wake wenza!" Bi Saumu, mwenye kibanda, alicheka, akamkatia kipande. "Onja."

Kilikuwa kitamu. Kibwana huyohuyo, mchuuzi anayeyachukua mapapai yao, alimwambia baba yake Namkunda kwamba yote yalifika mjini yameoza, yakatupwa jalalani, hivyo hana cha kuwalipa. Ndiyo maana baba alikuwa amenoa panga. Kesho angeifyeka mipapai yote.

Mara Kibwana akatokea na tenga begani. Alipomwona, akasita.

"Aa, binti yangu! Haya ni ya kijiji kingine. Ya kwenu si nilisema yalioza?"

Siku zote, mbele ya Kibwana, Namkunda huinamisha macho na kuchora chini kwa kidole cha mguu. Safari hii alilinyanyua lile papai, akaligeuza hadi fundo likamtazama Bi Saumu.

"Hili," alisema, "nimelifunga mimi."