Ukuta Usio na Chumvi

Makame alisimama katikati ya chumba kitupu, dalali akimsubiri mlangoni.

“Mzee wangu, huku bara kodi ni nusu ya kule ufukweni. Useme leo hii, jioni kuna mwingine anakuja.”

“Kule nimekaa na mke wangu mpaka nikamzika. Wakubwa wakawapa wenye mahoteli ufukwe, kodi ikapaa, sisi tukaambiwa ndiyo maendeleo.” Alisema bila hasira, hata hasira ilishamwisha.

Akalowesha kidole mate, akakipitisha ukutani, akakilamba. Ndivyo alivyofanya marehemu mkewe, Mwanapili, kila walipotafuta chumba, maana ukuta wa mchanga wa bahari hutoa chumvi, na rangi haikai.

Dalali akacheka. “Baba, nyumba unaionja kama mchuzi?”

“Haina chumvi.”

“Si ndiyo nzuri hiyo!”

“Nzuri,” alikubali Makame. Mwanapili angeichukua papo hapo.

Akaenda ukuta wa pili, akalamba, kisha wa tatu. Dalali akaanza kuchezesha funguo. Makame akafika pembeni mwa dirisha, pale ambapo kitanda kingekaa, akapitisha kidole tena, akakitia mdomoni, akabaki nacho humo, akiitafuta chumvi ya kule ufukweni.