Ng'ombe wa Afande Ladislas

Asubuhi nzima Josiane alimfundisha bintiye kuzama vibaya.

"Usitulie hivyo kama samaki. Piga mikono. Kohoa. Lia mama."

"Maman, bantu batacheka," alisema Gracia. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kuogelea alikujua kabla meno ya utoto hayajamng'oka.

"Bacheke. Leo si wewe mwenye batacheka."

Mchana walikuwa gatini Kamembe, ndani ya boti ya injini ya Bruno, binamu yake Josiane. Abiria waliyemngoja alishuka kwenye pikipiki akiwa na suti ya kijivu na nishani kifuani: Afande Ladislas, askari mstaafu, shujaa. Kisiwani Nkombo ngoma zilikuwa zikimsubiri. Watu wa kule wangempa ng'ombe wa heshima, kwa kuwa ni kwenye ufuko wao, wakati wa vita, alikotokea majini chini ya mvua ya risasi akimvuta kapteni wake aliyejeruhiwa.

Ndivyo walivyosema watu. Josiane alijua vingine.

Katika mtumbwi uliopinduka siku ile walikuwamo watatu: kapteni, Ladislas, na Hugues, kaka yake Josiane, mtoto wa Nkombo. Hugues, muogeleaji pekee kati yao, hakuonekana tena. Lakini likizo yake ya mwisho aliwavunja mbavu nyumbani kwa habari za rafiki yake: "Ladislas wa Bugarama, mutoto wa mashamba ya mpunga! Maji ikimupita magoti, anaita mama yake."

Mtu huyo ndiye aliyeokotwa mchangani, mkono wake shingoni mwa kapteni, akavishwa nishani. Kila Josiane alipofungua kinywa aliambiwa ni uchungu unaomsemesha. Mama yake alikufa akingoja mtu mmoja tu alitaje jina la mwanawe. Hakuletewa hata kibuyu cha maziwa.

Josiane hakutaka kumuua Ladislas. Kumuua kungekuwa kumhurumia. Alitaka asimame mbele ya Nkombo yote, mtoto wa watu akizama, nishani ikimning'inia, naye agande kama kisiki. Wamwone. Wamrudishe kwao na aibu yake badala ya ng'ombe.

Boti iliondoka. Ladislas alifunga jile yake, ile fulana ya kuelea, mpaka kidevuni, akaushika ubao kwa mikono miwili.

"Afande, hiyo ubao haitakimbia!" Bruno alimtania.

Ladislas alicheka bila kuuachia.

"Utuelezee basi ile siku uliogelea," Josiane alisema, sauti yake tamu kama asali.

"Maman, haikuwa mimi," Ladislas alijibu.

"Unaona?" Bruno alimkonyeza Josiane. "Mashujaa ni vile. Habapendi sifa."

Josiane alitazama maji. Mwizi na unyenyekevu wake, aliwaza. Ngoja kidogo.

Ufuko ulipokaribia hata nyuso zikaanza kutambulika, Gracia alivua jile yake, akapanda ukingoni kupiga picha. Akaanguka. Akapiga mikono, akakohoa, akalia mama, kama alivyofundishwa. Ngoma zikanyamaza. Bruno akazima injini na kujifanya inamsumbua, kama walivyopatana.

"Afande!" Josiane alipiga ukelele aliokuwa ameubeba tangu Hugues apotee. "Wewe mwenye ulivuka hii maji! Mutoto anakufa!"

Ladislas alisimama. Uso ulimpauka. Josiane aligeuka kuangalia ufukweni ahakikishe kila jicho liko pale. Aliporudisha uso, jile ya Ladislas ilikuwa hewani. Iliangukia mbali na Gracia, upepo ukaichukua.

"Mimi sijue kuogelea, Maman," Ladislas alisema polepole, kana kwamba anaomba radhi.

Akaruka na viatu vyake.

Alizama kama gunia la mpunga. Akaibuka mara moja, akakidaka kifundo cha mkono wa Gracia, akashuka naye. Alipoibuka tena, msichana hakuwa akiigiza. Macho yalimtoka. Alivuta mkono, nao haukuachiwa.

"Bruno! Washa!"

Injini iliyozimwa kwa mzaha ilikataa kuwaka.

Josiane alitupa kitenge akajirusha. Aliingia chini yao, akatokea nyuma ya Ladislas, akaikamata kola ya suti kwa mkono mmoja na kuogelea kwa ule mwingine, kwa namna aliyofundishwa na Hugues walipokuwa wadogo. Aliwavuta wote wawili mpaka vidole vya miguu vikagusa mchanga. Hapo nguvu zikamwishia. Akabaki ananing'inia kwenye kola ileile.

Watu waliingia majini mpaka kiunoni kuwapokea. Walichokiona ni mwanamume mwenye nishani anayetoka ziwani, msichana mkononi, mwanamke mgongoni.

"Ameokoa babili!" mtu alipaza sauti. "Babili!"

Walimlaza Ladislas mchangani. Ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja ndipo Gracia akawa huru. Ladislas alitapika maji, akatikisa kichwa, akamnyooshea Josiane kidole.

"Si mimi," alikoroma. "Ni huyu. Hata ile siku... niliwaambia. Si mimi."

Josiane alifungua kinywa, lakini ngoma zilikuwa zimeanza tena, na vigelegele juu yake. Mzee Nzabonimana, msimamizi wa sherehe, alikuwa akilia kwa furaha waziwazi.

"Munasikia?" aliwaambia watu. "Maneno yaleyale ya ile siku! Muntu wa namna gani huyu?" Akajifuta machozi kwa mkono wa koti. "Mulete ng'ombe wa pili!"