Komeo la Banda

Wewe unayebetua midomo ati kuku hawapigi kura, funga domo usikie. Wewe mwenyewe mwaka uliopita ulipiga kama huyu kuku.

Siku ya uchaguzi kila ndege wa bandani alipewa majani mawili: pana la kumchagua mkuu wa nchi, dogo la kumchagua mshika komeo wa banda lao. Kuku alimpa Tembo jani pana kwa vigelegele. Jani dogo akaenda kulitandika kiotani.

"Shoga, na komeo je?" Bata akamuuliza.

"Mie nachagua wakubwa, bibi. Komeo ni kijiti tu."

Bata akacheka, akalitupa lake. Wengine wakaiga. Kicheche, mla kuku aliyegombea komeo hilo, akaokota jani moja lililotupwa, akajipigia kura hiyo moja, akashinda. Jioni akatangaza, kwa adabu zote, kwamba banda lina joto mno, hivyo usiku komeo halitafungwa.

Kuku alikimbia kwa Tembo. "Mzee, nilikushangilia mpaka sauti ikakauka! Wanangu wataliwa!"

"Nakumbuka, mama," Tembo akasema. "Lakini mimi kazi yangu ni mipaka na mito mikubwa. Komeo lilikuwa na kura yake. Ulimpa nani?"

Kuku alirudi bandani, akamkuta Kicheche kizingitini.

"Karibu ndani, mama watoto. Mlango uko wazi."

Kuku alimpita, akawatanguliza vifaranga nje, wakalale kwenye kichaka cha miiba. Akaliokota kiotani lile jani dogo lililokwisha kunyauka, akatoka nalo, na mbele ya macho ya Kicheche mlango akaufunga mwenyewe kwa kile kijiti alichokidharau.