Tairi la Nyuma

Mteja alikuwa amelizungusha gari kubwa aina ya jipu mitaa yote ya jirani, akalirudisha kwenye yadi ya kuuzia magari, na mpaka anashuka hakuwa ameuliza bei. Hapo ndipo muuzaji alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Mtu mwenye nia ya kununua gari huuliza bei hata kabla hajamaliza salamu.

Muuzaji mwenyewe alikuwa mgeni kazini. Yadi ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyemwonea huruma baada ya kukaa muda mrefu bila kazi. Sasa shemeji alikuwa amesafiri kutafuta magari mengine, na kabla ya kuondoka alimkalisha ofisini akamfundisha habari za wezi mpaka masikio yakamchoka. Mwizi wa magari, alisema, haji na panga. Huja na viatu vinavyong'aa. Atakaa kwenye usukani, atalisifia gari, na mkifika mahali pasipo na watu atapunguza mwendo.

"Atakwambia, 'Hebu shuka utazame tairi la nyuma, naona kama limepungua upepo.' Usishuke, shemeji. Hata likiwaka moto, usishuke. Ukinipotezea gari, kazi huna, na utajua mwenyewe la kumwambia dada yangu."

Muuzaji akavitupia jicho viatu vya mteja. Vilikuwa vinang'aa.

Mteja alikuwa akilichambua jipu bila haraka. Nguvu linazo, alisema, hilo halina ubishi. Ukikanyaga mafuta linakubandika kwenye kiti. Ila ukifika kwenye kona, unapinda wewe kwanza, lenyewe linafuata baadaye, tena kwa kulalamika.

"Ni kama kucheza dansi na mtu mnene aliyetoka kula," alisema. "Anajitahidi, lakini kazi ya kumshikilia ni yako. Sasa nipe lile jeusi, nilinganishe."

Alikuwa anaonyesha gari dogo la mbio, la chini chini, lililoegeshwa nyuma kabisa, nusu limefunikwa turubai. Kutoka barabarani halionekani. Muuzaji alijiuliza huyu bwana amelionea wapi, lakini hakuona sababu ya kumkatalia. Alipoingia ofisini kuchukua ufunguo, mteja akamfuata bila kukaribishwa, akasimama kuutazama ukuta. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya shemeji, ametabasamu meno yote nje, na chini yake misumari iliyotundikwa funguo za magari yote ya yadi. Mteja alitazama upande ule muda mrefu mno. Muuzaji akajisogeza mbele ya funguo, akaziba kwa mgongo.

Mlango wa dereva wa gari lile ulikuwa na ukorofi wake. Muuzaji alikuwa ameuvuta wiki nzima bila mafanikio, mpaka akawa anaingilia upande wa abiria. Mteja aliinua kitasa kidogo, ndipo akavuta. Mlango ukafunguka kwa heshima zote. Akapenyeza mkono chini ya kiti, akapata kijiti cha kukisogeza bila kutafuta.

Kazi ya huyu ni magari ya watu, muuzaji aliwaza. Akafunga mkanda, akatoa simu, akaweka namba ya shemeji tayari chini ya kidole gumba.

Barabarani lile gari lilikuwa kitu kingine. Mzunguko ambao jipu liliukata kwa kuyumba, hili liliukata limetulia, limeng'ang'ania lami, usukani ukiguswa tu. Breki zilikamata pale pale. Siku nyingine muuzaji angefurahi na kuanza kutaja bei, lakini alikuwa anamtazama dereva. Mteja hakuwa akilisifia gari. Walipokaribia kipande cha barabara kibovu alinyoosha mkono akabonyeza pembe ya dashibodi. Walipopita kwenye mashimo, dashibodi haikugonga. Siku zote hugonga.

"Unalionaje?" muuzaji aliuliza, ili mradi tu aseme neno.

"Ukishazoea hili, jipu hulitaki tena," mteja alijibu. "Hata upewe la bei gani, utajiona unaendesha nyumba."

Walipita nyumba za mwisho, wakaingia eneo la maghala yaliyofungwa. Mteja akapunguza mwendo. Akaliegesha gari kando ya ukuta mrefu, mahali pasipo na hata paka.

"Hebu shuka utazame tairi la nyuma," alisema. "Naona kama limepungua upepo."

Muuzaji alimwona mkewe akilini, amesimama mlangoni, akingoja maelezo. Akaushika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, simu ikamdondokea miguuni.

"Sishuki," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Shemeji yangu, mwenye yadi, alinionya. Aliniambia utasema hivyo hivyo, neno kwa neno."

"Yule wa kwenye picha, juu ya funguo?"

"Ndiye."

Mteja akaingiza mkono mfukoni, na muuzaji akafumba macho. Alipoyafumbua, kiganjani mwa mteja kulikuwa na ufunguo, pacha wa ule uliokuwa ukining'inia kando ya usukani.

"Amekufundisha vizuri," mteja alisema. "Mimi sikuwa na wa kunifundisha. Huyo shemeji yako aliponiambia nikatazame tairi, nilishuka."