Sifa za Bwana Masoko

Hyasinta alimsifu adui yake mpaka mate yakamkauka.

"Hakuna bwana masoko kama Pantaleo," alimwambia ofisa pale Mnazi Mmoja. "Mchapa kazi, hali rushwa, wala hanywi."

Ofisa akaandika. Halmashauri zilikuwa zinavunjwa, madaraka yanahamia mikoani, na watumishi wa halmashauri hizo walitafutiwa pa kwenda. Wananchi wakaitwa wawasemee.

Nje, shoga yake Agnesi akamvuta khanga. "Mama Josepha, una wazimu? Si ndiye aliyepiga teke sufuria lako la uji, Kariakoo nzima ikicheka?"

"Ndiye. Ningemsema vibaya, angefukuzwa tu, akabaki hapa hapa mjini anastarehe. Nimemsifu ili apelekwe shamba. Nimewatajia wilaya yetu kabisa, kule kusini. Mbu, njaa, simba! Mimi mwenyewe nilikimbia. Akaozee huko."

Agnesi alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi haukuisha, Pantaleo akafunga mizigo. Hyasinta alimfuata mpaka stendi makusudi, asikose kuona.

"Kalime mihogo, baba! Jembe halina kola nyeupe!"

Pantaleo aligeuka, akamwona, kisha akapanda basi.

Siku hiyo hiyo Hyasinta akairudisha meza yake ya uji palepale alipofukuzwa. Hakuna aliyemgusa. Kibali cha nini tena, na halmashauri imekufa?

Mwaka uliofuata ikaja operesheni: asiye na kibali arudi kwao akalime. Askari walimkuta na upawa mkononi.

"Nina mtoto anasoma hapa, baba zangu! Hii meza ndiyo inayomlisha."

"Mkubwa wa wilaya yenu akikuandikia barua, utarudi mezani kwako. Asipoandika, ndiyo basi. Panda lori."

Josepha akabaki kwa Agnesi, analia. Siku tatu njiani, Hyasinta alifanya mazoezi ya maneno ya kumwomba huyo mkubwa. Atapiga magoti. Atalia ikibidi. Barua moja tu, jamani.

Ofisi ya wilaya ilikuwa mpya, inanuka rangi, na foleni ya waliorudishwa kutoka Dar imefika barabarani. Zamu yake ilipofika, alikuwa bado anarudia maneno yake kimoyomoyo.

"Usiogope, mama," tarishi alimwambia, akimfungulia mlango. "Bwana Pantaleo ni mtu safi. Nyinyi wenyewe wa Dar ndio mliomsifu, hata akapewa wilaya nzima."